Wamama kando ya kitanda cha mgonjwa: tuliyojifunza kwa Panzi

Kila mmoja wetu anajua namna hospitali zetu za Kongo zinavyotembea. Daktari anapasua, muuguzi anachoma sindano, lakini chakula kinatoka nyumbani. Mgonjwa asiye na ndugu wa kumletea uji, kumfulia nguo na kwenda kumnunulia dawa anateseka mara mbili. Ndiyo sababu wamama wa makanisa na wa vikundi wanaingia hospitalini na sufuria, bila kulipwa franga hata moja. Juma hili tuitazame kazi hiyo kupitia hospitali ambayo jina lake limefika mbali: Panzi, katika mji wa Bukavu.

Historia yake inaanzia Lemera, katika milima ya Uvira. Tarehe 6 Oktoba 1996, wakati wa vita, hospitali ya Lemera ilishambuliwa. Wagonjwa waliuawa katika vitanda vyao, na wauguzi pia. Daktari Denis Mukwege, aliyekuwa akiiongoza, alipona. Alianza tena Bukavu chini ya mahema, na mwaka 1998 vita vikaharibu kila kitu tena. Mwaka 1999, pamoja na kanisa la CEPAC, hospitali ya Panzi ikafunguliwa.

Shabaha ilikuwa kusaidia wamama wazae salama. Lakini mgonjwa wa kwanza hakuja kuzaa: alikuwa mwanamke aliyebakwa na kuumizwa vibaya. Baada yake wakaja wengine, maelfu na maelfu. Wengi walikuwa na fistula, yaani tundu kati ya njia ya uzazi na kibofu au utumbo. Fistula inaletwa na ubakaji wa kikatili, na inaletwa pia na uchungu wa kuzaa unaodumu siku nyingi bila msaada. Mkojo unatiririka bila kukoma, harufu inafukuza watu, na mara nyingi bwana anamwacha mke wake.

Kwa mwanamke wa namna hiyo, kisu cha daktari peke yake hakitoshi. Panzi waliliona jambo hilo. Kule kuna wamama wanaoitwa « maman chérie », ambao wanampokea mgonjwa, wanamsikiliza na kumsindikiza katika matunzo yake. Hatua kwa hatua hospitali ilipanga matunzo ya namna nne: mwili, roho, haki mbele ya sheria, na kazi ya kumwezesha mwanamke kuishi akirudi kwao.

Kisha ikaja siku ambayo wamama wenyewe walionyesha nguvu yao. Mwezi wa Oktoba 2012, watu wenye silaha waliingia nyumbani kwa daktari. Mlinzi wake aliuawa; yeye na jamaa yake wakakimbilia Ulaya. Wamama wa kisiwa cha Idjwi, ambao wengi wao hawapati hata dola moja kwa siku, hawakukaa kulia tu. Waliuza mananasi na vitunguu, wakakusanya pesa za tikiti ya ndege ili arudi. Alirudi mwezi wa Januari 2013, na barabara ilijaa watu. Wamama wakajitolea tena, safari hii kumlinda kwa zamu, mikono mitupu. Mwaka 2018 alipewa Tuzo ya Nobel ya Amani pamoja na Nadia Murad wa Iraki. Dunia ikampigia daktari makofi, na sisi tukawakumbuka pia wale wauza mananasi.

Kuna nini ndani ya historia hii kwa ajili yetu? Kwanza, hawakungoja kuwa na mali. Walianza na kile kilichokuwa shambani. Pili, walifanya kwa zamu. Mtu mmoja akibeba peke yake anachoka. Kumi wakipokezana, kazi inadumu. Tatu, mgonjwa anahitaji mtu wa kumsikiliza bila kumhukumu. Anayeenda kumtembelea mgonjwa kisha akapeleka siri yake kwenye kisima amemwongezea jeraha.

Tunasema haya kwa sababu zamu yetu ya kutembelea wagonjwa inapungukiwa watu. Sababu tunazijua: makala ni ghali, usafiri ni ghali, na watoto wanatungojea. Lakini katika sale ya wazazi ya hospitali moja ya mji, tumekuta mama ambaye mtoto wake ana majuma matatu na bado hajaruhusiwa kutoka, maana hajamaliza kulipa. Ndugu zake wako mbali. Siku tusipokuja, anakula kile jirani wa kitanda anachomwachia.

Kwa hiyo, katika mkutano ujao tunaomba mambo matatu. Kila mama aandike siku moja tu ya mwezi atakayoweza kwenda. Kila nyumba ilete kikombe kimoja cha unga na kipande cha sabuni kwa ajili ya kapu la wagonjwa. Na kabla ya kugawana likelemba ya mwezi huu, tuamue pamoja sehemu gani tutaweka ili mama yule atoke na mtoto wake.

Karatasi ya zamu itakuwa mezani kwa katibu. Mama asiyejua kuandika atataja siku yake, nasi tutamwandikia.