MAUA YANAKUFA, MTAJI USIFE: Kazi ya bukee na mashada ukiwa wilayani

Leo tuongelee maua. Mimi nina duka dogo hapa Misungwi, kidato cha nne ndiyo mwisho wangu, kufunga maua nimejifunza mwenyewe. Wengi mnaniuliza kama inalipa. Inalipa, ila shika neno hili: kiatu kisipotoka leo kinasubiri wiki ijayo, ua likishakatwa shambani limeanza kufa. Kazi yetu ni kulichelewesha mpaka siku ya mteja ipite. Na harusi, mahafali au msiba haurudiwi.

1. MAJI KWANZA, MAPAMBO BAADAYE
Waridi zangu naagiza Arusha, zinakuja kwa basi. Barabara ya Shinyanga–Mwanza inapita hapa hapa, kwa hiyo boksi nalishushia Misungwi. Likifika, maua yana kiu, usikimbilie kufunga. Kata kila shina sentimita 2 au 3 kwa mshazari, kwa kisu kikali. Ile ncha ya zamani imeingiwa hewa, maji hayapandi. Toa majani yote yatakayozama, maana yakioza yanazalisha bakteria wanaoziba shina. Weka kwenye ndoo safi, kivulini, masaa kadhaa.

Kwenye lita 1 ya maji tia kijiko 1 cha chakula cha sukari na 2 vya maji ya limao. Sukari inalisha ua, limao linasaidia maji kupanda. Badilisha kila siku.

Na usiyaweke karibu na ndizi mbivu wala maembe. Matunda yakiiva yanatoa gesi inaitwa etilini, inazeesha maua haraka. Wenye friji moja ya nyumbani mnanielewa.

2. KUFUNGA BUKEE
Shika shina la kwanza wima. La pili lilaze kidogo juu yake, la tatu vile vile, yote yalalie upande mmoja huku unazungusha mkono. Ukimaliza, linakuwa kama mganda wa mpunga: katikati pembamba, juu na chini pamepanuka. Funga pale pale pembamba. Likifungwa vizuri unaliweka mezani linasimama lenyewe. Ukichanganya mielekeo, mashina yanavunjana na maua yanabanana.

3. TUMIA VYA KWETU
Sio kila kitu kitoke Arusha. Pembezoni mwa ziwa kuna mafunjo, kile kichwa chake kama mwavuli kinajaza shada vizuri sana. Omba ruhusa kwa mwenye eneo, kata bua tu, using'oe mzizi, litachipua tena. Kwa shada la msiba, pete ya majani makavu ya mgomba iliyokazwa kwa kamba inashika maua vizuri. Ile sponji ya kijani ya dukani ni plastiki, haiozi, inabaki makaburini vipande vipande. Pia oda ya msiba inaweza kuingia usiku na maziko ni kesho yake, kwa hiyo pete mbili tatu ziwe tayari stoo.

4. PICHA IWE YA KAZI YAKO
Ukiweka picha ya Pinterest yenye maua ambayo huku hayapatikani, umeshaahidi usichonacho. Piga kazi yako asubuhi, karibu na mlango, ukuta mtupu nyuma. Mteja akileta picha yake, mwambie mapema: "Dada, rangi hii ninayo, ua hili sina, nitaweka hili." Akikubali, achukue hatua ya malipo ya awali ndipo uagize.

5. BEI: HESABU NA YALIYONYAUKA
Mfano wa bukee ya waridi 12:
- Waridi 12 kwa 1,000 = 12,000
- Za akiba 2 (zipo zitakazovunjika) = 2,000
- Majani, karatasi na utepe = 4,000
- Sehemu ya nauli ya boksi = 2,000
- Mkono wako = 5,000
Jumla 25,000, na hapo hujaweka faida. Ukiuza 20,000 kwa sababu jirani anauza 20,000, umemchangia mteja 5,000 ya harusi yake. Pesa ya boda iwe pembeni, ailipe mteja.

6. WATEJA WAKO WAMEONGEZEKA
Zamani oda ya Sengerema au Geita ilikuwa inasubiri kivuko pale Kigongo, maua yanachemka juani. Tangu Juni 2025 daraja la Kigongo–Busisi limefunguliwa, kilomita kama 3 hivi, boda inavuka moja kwa moja. Andika kwenye ukurasa wako unafika wapi, watu hawawezi kukisia.

Anza na ndoo mbili, kisu kikali na oda moja iliyolipiwa. Usinunue boksi zima ukitegemea bahati. Ua halimsubiri mteja, basi mteja atangulie ndipo ua lifuate.