Usimfiche mteja kasoro ya bidhaa yako: somo kutoka nyumba za magogo

Mimi ni fundi, niko Norwe, najenga nyumba za magogo kwa mtindo wa asili wa huku. Leo nawapa somo lililonitoa hela mfukoni.

Kazi yenyewe iko hivi. Tunamenya magome ya msonobari, tunalaza gogo moja juu ya jingine, bila saruji katikati. Unashika chombo chenye ncha mbili, mfano wa bikari, unafuatisha kila nundu ya gogo la chini na kuichora kwenye gogo la juu. Halafu unachonga mfereji chini ya lile la juu hadi likae barabara. Ndani ya mfereji unatandika sufu ya kondoo kuzuia baridi. Kwenye kona, magogo yanachongwa yang'atane. Oslo, kwenye jumba la makumbusho, ipo nyumba ya hivi ya karne ya 13, na bado imesimama.

Sasa tatizo ni hili: gogo bichi likikauka linasinyaa unene. Ukuta wa mita 2.5 unaweza kushuka sentimita 10 hadi 15 ndani ya miaka michache. Ndiyo maana juu ya kila mlango na dirisha tunaacha mwanya, tunaujaza sufu laini, kisha tunauficha kwa ubao. Nguzo za wima hazipungui urefu, kwa hiyo tunaziwekea jeki ya skrubu, tunazishusha kidogo kidogo.

Mteja wangu wa kwanza aliuona ule mwanya kabla sijaweka ubao. Akaniambia, "Fundi, mbona umepima vibaya? Ziba hapo." Nami, kwa kuogopa kumpoteza, nikaziba kwa vipande vya mbao ngumu. Sikumwambia kitu.

Baada ya baridi ya pili akanipigia simu. Mlango haufunguki, kioo kimepasuka. Ukuta ulitaka kushuka, ukakosa pa kwenda. Akazuia malipo ya mwisho, kioo nikanunua mimi. Na sikuwa na la kujitetea.

Siku hizi nafanya hivi:

1. Kabla ya kupokea hata malipo ya awali, namweleza mteja kwamba nyumba itashuka, na kwa nini. Tunaandika, tunasaini wote.

2. Safari za kurudi kushusha jeki naziweka kwenye bei tangu mwanzo. Sio fadhila, ni sehemu ya kazi.

3. Mteja akitaka kitu kitakachoharibu kazi, namkatalia kwa heshima na kumwonyesha sababu. Akiondoka, aende salama.

Tangu hapo wapo walioondoka, sikatai. Ila waliobaki hawajawahi kunizuilia malipo.

Na wewe unayeuza viatu, unga au samani, jiulize: bidhaa yako "inashuka" wapi? Mwambie mteja leo, kabla hajagundua mwenyewe.