Kuchuja, Kutenganisha na Kutenga

Katika tafsiri za maandishi ya dawa za mitishamba, vitenzi vitatu hutumiwa kana kwamba maana yake ni moja: kuchuja, kutenganisha na kutenga. Yafaa tuvipambanue.

Mwalimu wa Kiloleli, mkoani Simiyu, akitwanga majani ya mwarobaini, akayaloweka katika spiriti na kuondoa makapi kwa kitambaa, amechuja. Kioevu hicho cha kijani kingali mchanganyiko wa kampaundi nyingi. Akidondosha tone lake karibu na ncha ya ukanda wa karatasi ya chujio, na kuichovya ncha hiyo katika spiriti pasipo kulizamisha tone, spiriti itapanda na kuzichukua kampaundi kwa mwendo usio sawa. Zile zinazoshikamana zaidi na karatasi hubaki nyuma. Hapo ametenganisha. Kutenga ni hatua ya mwisho: kuitoa kampaundi moja peke yake, ikiwa safi, ipate kuchunguzwa.

Njia hiyo ya kutenganisha ndiyo kromatografia. Jina hilo lilitungwa na Mikhail Tsvet, mwanabotania wa Urusi, mwaka 1906, kutokana na maneno ya Kiyunani yenye maana ya rangi na kuandika. Hata hivyo hatupendekezi “uandishi wa rangi”, kwani kampaundi nyingi za dawa, kama kwinini, hazina rangi.

Mfasiri akiandika “imetengwa” mahali pa “imechujwa”, msomaji ataamini kuwa kilichomo na kiasi chake vinajulikana, kumbe sivyo. Kitenzi kimoja chaweza kumdhuru mgonjwa.