Kuta za Mkomani Zimebaki, Wenyewe Wanahama

Mgeni apitaye Mkomani, mtaa mkongwe wa mji wa Lamu, aghalabu huzisifu nyumba zetu za mawe. Hakosei. Chokaa imepakwa upya, milango ya nakshi imesafishwa, na tangu mwaka wa 2001 UNESCO imeuorodhesha mji huu miongoni mwa turathi za dunia. Lakini mgeni huyo na aketi barazani hadi usiku uingie, kisha ahesabu madirisha yenye taa.

Mimi nimezaliwa hapa. Nyumba yetu na ya jirani ziliunganishwa kwa wikio, yaani chumba kilichojengwa juu ya kichochoro. Mama alipita humo kumjulia hali shoga yake bila kushuka njiani. Jirani alipofariki, warithi walimuuzia nyumba mtu wa Ulaya ambaye huja wakati wa likizo tu. Upande wake wa wikio umezibwa.

Simlaumu mnunuzi; nyumba ile ilikuwa ikivuja, naye ameiokoa. Waliouza nao siwalaumu. Nyumba moja ikirithiwa na ndugu sita haigawiki. Zinazogawika ni fedha. Isitoshe, boriti za mikoko, chokaa na fundi stadi vina gharama asiyoimudu mwalimu kama mimi. Sheria inalinda kuta, haimlindi akaaye ndani yake. Mbona kusiwe na mkopo nafuu kwa mrithi atakaye kubaki, apate kuwalipa nduguze mafungu yao?

Nauliza kwa sababu sisi tu watano. Wanne wamekwisha kubali kuuza, na dalali atarudi Ijumaa baada ya sala.