Usaili wa uuguzi Uingereza: kabla ya majibu, jua nani kapiga simu

Muuguzi wa Old Korogwe akipigiwa simu kwamba ana usaili wa kazi Uingereza wiki ijayo, asianze na kukariri majibu. Aanze na kumjua aliyepiga.

Tanzania imo kwenye orodha ya Shirika la Afya Duniani ya 2023, ya nchi 55 zenye uhaba mkubwa wa watumishi wa afya. Mwongozo wa serikali ya Uingereza unawakataza waajiri na mawakala kusaka wauguzi katika nchi hizo. Muuguzi kuomba mwenyewe kwa mwajiri, ruksa. Kumtoza ada ya kumtafutia kazi pia ni marufuku, kwa hiyo wakala anayetaka "hela ya fomu" kwenye simu, aachwe hapohapo.

Baada ya hapo, leseni ya Baraza la Uuguzi na Ukunga iwe hai, na Kiingereza kipimwe mapema. Kwa IELTS, zinatakiwa alama 7, kuandika 6.5.

Kwenye usaili, ategemee maswali ya matukio. Mgonjwa presha imeshuka ghafla, unaanzia wapi? Ajibu kwa mpangilio: njia ya hewa, upumuaji, mzunguko wa damu, fahamu, kisha mwili mzima. Aseme pia daktari angemwita saa ngapi. Aliyewahi kupokea majeruhi wa barabara ya Segera–Moshi usiku, zamu ikiwa na watu wachache, asilidharau hilo. Ndilo la kusimulia.

Naye aulize: nauli analipa nani, na akiacha kazi kabla ya mkataba kuisha atadaiwa kiasi gani?