Nyika Mlangoni pa Nairobi

Wakazi wengi wa Nairobi hupita Barabara ya Lang'ata asubuhi na jioni, mwaka baada ya mwaka, hata wakakijua kila kituo cha matatu na kila bonde la barabara, wasiingie hata mara moja katika lango lililo kando ya njia hiyo, ambalo nyuma yake simba huzaa na kifaru hupumzika kivulini, kiasi cha kilomita saba tu kutoka katikati ya jiji. Ukiwauliza sababu, aghalabu watakujibu kwamba mambo hayo ni ya wageni, watu wenye fedha na darubini, na kwamba mwenyeji hana haja ya kulipa ili amtazame pundamilia. Jawabu hili nimelisikia hata kwa watu wasomi, nami hulihuzunikia kila nilisikiapo, kwa kuwa Mbuga ya Taifa ya Nairobi, yenye eneo la kilomita za mraba 117, ni neema ambayo miji mikuu michache mno ya ulimwengu imejaliwa, na neema isiyotazamwa na wenyewe haichelewi kuchukuliwa na wengine.

Usuli wake wastahili kujulikana kabla ya mtu kupanda gari. Reli iliyoanza Mombasa ilifika mahali hapa mwaka 1899, wajenzi wake wakapiga kambi penye kinamasi katikati ya nyika iliyojaa nyumbu, kongoni na simba. Kambi ikawa mji, na kadiri mji ulivyotanuka ndivyo wanyama walivyosongwa na kupigwa risasi. Mervyn Cowie, aliyezaliwa Nairobi mwaka 1909 akaenda kusoma Uingereza, alirejea mwaka 1932 na kukuta makundi aliyoyafahamu tangu utotoni yamepungua upeo wa kupungua. Akawasihi wakubwa wa serikali ya kikoloni, wasimsikilize. Ndipo alipofanya hila: aliandika barua katika gazeti la East African Standard, akajificha nyuma ya jina la mlowezi wa zamani, akataka wanyama wote wa mwitu wauawe ili kilimo kiendelee bila bughudha. Wasomaji wakaghadhibika, majibu yakamiminika, na kelele zile zikafanya kazi ambayo hoja za upole zilishindwa kuifanya. Mwaka 1946 mbuga ikatangazwa, nayo ikawa ya kwanza katika Kenya. Walakini haki yataka isemwe pia kwamba Wamaasai waliokuwa wakilisha mifugo katika ardhi hiyo waliondolewa, na deni hilo lingali shingoni mwa kila anayeifurahia mbuga hii, kama nitakavyoeleza mbele.

Sheria inamruhusu mtu kuingia kwa gari lake mwenyewe na kuzunguka apendavyo. Hata hivyo, kwa safari ya kwanza namsihi msomaji atafute mwongozaji, wala asidhani kwamba mwongozaji ni dereva tu mwenye kofia ya kaki. Chama cha waongozaji wa safari wa Kenya huwatahini watu wake na kuwapa beji za shaba, fedha na dhahabu kwa kadiri ya maarifa yao, na ni wachache mno waliofika daraja la dhahabu. Ukipatiwa mwenye fedha, au hata wa shaba aliyeipenda kazi yake, siku yako imekwisha kubarikiwa. Atakuja kukuchukua kungali giza, maana lango hufunguliwa saa kumi na mbili asubuhi, na saa mbili za mwanzo ndizo zenye thamani kuliko zote: baridi haijapaa, simba hawajaingia vichakani kujificha na jua, na nyasi zenye umande hudumisha alama za nyayo.

Mwongozaji niliyefuatana naye alikuwa mtu wa makamo, mpole wa sauti. Sote ndani ya gari tulikuwa tumeinuka chini ya paa lililofunguliwa, kila mmoja akiyapekua majani kwa macho, akatuambia, “Jamaa zangu, msimtafute simba. Mtafuteni anayemwona simba.” Akatuonyesha twiga watatu waliosimama kimya, shingo zote zimeelekea upande mmoja, wala hawali. Akazima injini. Tukangoja muda mrefu, wengine wakaanza kunong'ona kwamba tunapoteza wakati, mpaka sikio likainuka kutoka katika nyasi zilizokuwa tupu machoni petu, kisha kichwa, kisha majike wawili wakasimama na kujinyoosha kwa utulivu mbele yetu. Nilifahamu hapo kwamba tungekuwa peke yetu tungalipita mahali pale kwa kasi, tukarudi mjini na kuapa kwamba mbuga haina simba.

Lakini si simba aliyenishughulisha zaidi siku ile, ni mti. Katika nyanda zenye udongo mweusi za mbuga hii huota mgunga mfupi, usiozidi kimo cha mtu kwa kawaida, wenye miiba mirefu myeupe na vinundu vyeusi vilivyotobolewa matundu madogo, ambayo upepo ukipita hutoa sauti ya mluzi. Ndani ya vinundu hivyo wanaishi sisimizi. Mti huwapa nyumba na utomvu mtamu, nao huulinda: twiga akilitia ulimi tawi, hutoka kwa hamaki na kumng'ata midomoni, naye baada ya muda mfupi huondoka akatafute tawi jingine. Huko Laikipia wataalamu waliizungushia ua baadhi ya miti ya namna hii, ili wanyama wakubwa wasiifikie, wakaitazama kwa muda wa miaka kumi. Mtu yeyote angetazamia miti ile inawiri. Ilikuwa kinyume. Mti usioliwa ulipunguza utomvu na vinundu, sisimizi walinzi wakadhoofika, sisimizi wa jinsi nyingine wasio na msaada wakashika makao, wadudu watobozi wakaingia katika shina, na miti ile iliyoepushwa na kila jino ikadumaa na kufa kwa wingi kuliko iliyokuwa ikitafunwa kila siku. Mwongozaji alitueleza habari hii huku ameshika tawi kwa ncha za vidole, nami sijaweza kuutazama ua wowote tangu hapo bila kuikumbuka.

Vifaru utawaona hapa kwa urahisi kuliko mahali pengi pa Afrika Mashariki. Kifaru mweusi ana mdomo wa juu uliochongoka, unaoshika na kukata vijiti. Mweupe ana mdomo mpana, naye hutembea ameinamisha kichwa akila nyasi. Katika mwaka 1970 Kenya ilikadiriwa kuwa na vifaru weusi wapatao 20,000, na miaka ya 1980 haikumalizika kabla ya wawindaji haramu kuwaacha wasiofika 400. Waliosalia wakakusanywa katika mahali pachache penye ulinzi mkali, Nairobi ikiwa mojawapo, wakazaana, na kutoka hapa wengine wamepelekwa kuanzisha makundi mapya katika hifadhi nyingine. Leo vifaru weusi wa Kenya wamevuka 900. Mtu akimwona mama na ndama wake wakivuka njia, huku maghorofa ya jiji yakionekana nyuma yao, ajue kwamba anatazama ukoo ulionusurika kwa jasho na damu ya askari wa wanyamapori.

Si mbali na lango kuu pana mahali ambapo kila mgeni hupelekwa, na mwenyeji angepaswa kupelekwa kwanza. Tarehe 18 Julai 1989, Rais Daniel arap Moi aliwasha moto hapo ukateketeza tani 12 za pembe za ndovu, ili dunia ijue kwamba Kenya haitaki kuuza wala kununua. Katika mwaka huohuo mataifa yakaafikiana kupiga marufuku biashara hiyo. Tarehe 30 Aprili 2016, Rais Uhuru Kenyatta alichoma katika mbuga hiihii tani 105. Wapo waliosema kwamba ni heri zingeuzwa na fedha zikajenga shule. Naiheshimu hoja yao, ila siikubali, maana kila pembe iuzwayo kwa idhini huifunika nyingine iliyopatikana kwa wizi.

Jambo la ajabu ni kwamba ndovu wa mwituni hawamo katika mbuga hii. Walioko ni ndama yatima wanaolelewa na shirika la Sheldrick, lililoanzishwa mwaka 1977 kwa ukumbusho wa David Sheldrick, mlinzi wa kwanza wa Tsavo Mashariki. Watu huruhusiwa kuwaona saa tano hadi saa sita mchana, kwa kuagiza nafasi mapema, wakinywa maziwa na kugaragara matopeni. Wakikua hurudishwa polepole katika nyika ya Tsavo. Ukiwa na watoto, usiache kuwapeleka.

Adhuhuri, jua likiwa kali na wanyama wamelala, waongozaji wengi huwapeleka watu penye vidimbwi vya viboko, ambako mtu aweza kushuka garini na kutembea kando ya mto akifuatana na askari mwenye bunduki. Mto Mbagathi, ambao ndio mpaka wa kusini wa mbuga, huungana na Athi, na Athi hushuka mamia ya kilomita, ikaitwa Galana na hatimaye Sabaki, ikamwaga maji yake katika Bahari ya Hindi kaskazini ya Malindi. Mtu wa pwani atakayekaa chini ya migunga ya hapo na asikie viboko wakikoroma asijione ugenini: maji yale yako njiani kwenda kwao.

Kuhusu maandalizi sitasema mengi. Chukua sweta, kwani Nairobi iko juu na asubuhi za Julai hutetemesha. Chukua darubini hata ya kuazima, kwa sababu ndege wa hapa wamepita aina 400. Maji yatie katika chupa ya kudumu, maana plastiki za kutumiwa mara moja zimepigwa marufuku katika hifadhi za Kenya tangu Juni 2020. Kiingilio hulipwa kwa njia ya mtandao kupitia eCitizen, na raia hulipa sehemu ndogo ya kile alipacho mgeni. Usiwape nyani chakula, wala usishuke garini pasipo ruhusa. Msimu wa kiangazi ni bora kuliko masika, kwa sababu ambayo ndiyo kiini cha makala hii.

Ua wa mbuga umezunguka kaskazini, mashariki na magharibi. Kusini, ng'ambo ya Mbagathi, upande umeachwa wazi kwa makusudi. Mvua zinyeshapo, nyumbu, pundamilia na pofu huvuka mto na kutawanyika katika nyanda za Kitengela na Kaputiei, ardhi ya Wamaasai, wakazae na kula majani mafupi yenye rutuba. Kiangazi kikiingia, hurudi mbugani penye mabwawa. Kwa hiyo hawa tunaowaona kutoka katika magari yetu hulishwa sehemu ya mwaka na mfugaji asiyepata senti ya kiingilio chetu. Katika miaka ya 1970 nyumbu wa nyanda hizo walikuwa zaidi ya 20,000. Leo imesalia sehemu ndogo tu ya hesabu hiyo, kwani ardhi imegawanywa, imeuzwa viwanja, imewekewa nyaya, na mji wa Kitengela umekua pale palipokuwa njia yao. Reli mpya nayo, iliyofunguliwa hadi Naivasha mwaka 2019, imepita juu ya mbuga kwa daraja la kilomita kama sita. Na simba, wakikosa windo, hufuata ng'ombe. Mwaka 2016 dume mmoja aliyefahamika sana alitoka, akafika Isinya, akapigwa risasi akafa.

Wenye ardhi hawakukaa kitako. Richard Turere, kijana wa Kimaasai ambaye nyumba yao ilikuwa mpakani pa mbuga, alibuni akiwa na umri wa miaka 11 taa za kumetameta zinazowatisha simba usiku wasilisogelee zizi, na mwaka 2013 akaueleza ulimwengu habari zake kutoka jukwaa la TED huko California; taa hizo zimeenea mahali pengi. Kuanzia mwaka 2000 palikuwa na mpango wa kuwalipa wenyeji waliokubali kutozungusha ua wala kuuza ardhi yao, shilingi 300 kwa ekari kwa mwaka. Ulikuwa mpango wa busara, nao ulisomesha watoto wengi. Lakini shilingi 300 zitashindanaje na mnunuzi wa viwanja aliyesimama mlangoni na bunda la noti?

Wako wanaoshauri upande wa kusini nao ufungwe, yaishe. Mimi naona kwamba mbuga iliyofungwa pande zote itapatwa na yaliyoupata ule mgunga wa Laikipia. Basi, msomaji, ukipata siku moja, nenda, na ukiwa ndani umwombe mwongozaji wako akupeleke mpaka ukingo wa Mbagathi uitazame ng'ambo. Na ukirudi, ungana nasi tunaodai jambo hili: wenye ardhi ya Kitengela walipwe ijara inayokaribia thamani ya ardhi yao, na ijara hiyo itoke, angalau kwa sehemu, katika fedha tunazolipa langoni.