Ganzi ya Mgongoni na Damu ya Mzazi

Mama aliyeshikwa na uchungu wa kuzaa aweza kutiwa dawa ya ganzi kwa mrija mwembamba upitishwao mgongoni. Dawa hiyo hutuliza maumivu, lakini pia hulegeza mishipa ya damu ya miguuni na tumboni. Damu ikituama huko, shinikizo lake hushuka, na mtoto aweza kupungukiwa hewa aipatayo kupitia kondo la nyuma.

Ndiyo maana mkunga hupima shinikizo kila baada ya dakika chache, na humlaza mama kwa ubavu, wala si chali, mimba isije ikaugandamiza mshipa mkuu urudishao damu moyoni. Likishuka mno, daktari hutoa dawa ya kukaza mishipa. Mama aonapo kizunguzungu au kichefuchefu, asijikaze kishujaa. Na aseme mara moja.